Fundi wa Neva Anapoitikia Wito wa Saratani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa tiba, wauguzi, na ninyi nyote mliokuja kwa sababu ugonjwa huu umewahi kupiga hodi nyumbani kwenu: nawashukuru kwa kunipa saa hii. Niliombwa nizungumzie neva na saratani, mada ambayo haiwezi kumalizwa kwa jioni moja, na kwa hiyo nimechagua seli moja tu, ile inayoishi maisha yake yote ikiwa imeikumbatia neva, ili tuone inafanya nini saratani inapofika jirani yake.

Nianze na kile ninachokiona kazini. Tishu ya kongosho iliyotolewa kwa upasuaji hukatwa vipande vyembamba, vya unene wa maikromita 4 hivi, ikabandikwa kwenye kioo na kutiwa rangi mbili: moja huvifanya viini vya seli kuwa vya zambarau, nyingine huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Ukikiweka kioo hicho chini ya hadubini na kukisogeza polepole, utaitambua neva hata kama hakuna aliyekuonyesha. Ikiwa imekatwa kwa upana huonekana kama duara la waridi hafifu lililozungushiwa ukuta mwembamba, na ndani yake nyuzi zimelala kwa mawimbi kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa. Kati ya mawimbi hayo vimetawanyika viini virefu, vyembamba, vilivyochongoka ncha. Wanafunzi wengi hudhani viini hivyo ni vya seli za fahamu zenyewe. Sivyo. Kiini cha seli ya fahamu kiko mbali na hapo, ndani ya uti wa mgongo au katika fundo la neva lililo kando yake au karibu na kiungo chenyewe. Kinachopita hapa ni mkono wake mrefu tu, unaoitwa aksoni. Viini vile vya zambarau, kwa sehemu kubwa, ni vya seli za Schwann, yaani seli zinazoitunza aksoni katika safari yake yote.

Sasa tukisogeze kioo kidogo. Neva nyingine, ya umbo lilelile, imezingirwa na pete ya vijitezi vya saratani vilivyojipanga kuufuata ukuta wake hatua kwa hatua, na upande mmoja vimekwisha kuutoboa ukuta na kuingia ndani, kiasi kwamba nyuzi zimesukumwa kando. Hali hii tunaiita uvamizi wa neva. Katika saratani ya kongosho, mtu akitafuta kwa makini, huikuta kwa wagonjwa wengi mno: tafiti nyingi zimehesabu asilimia 80 au zaidi. Iko pia katika saratani ya tezi dume, ya kichwa na shingo, ya tezi za mate, na katika baadhi ya saratani za ngozi. Katika ripoti inachukua mstari mmoja: uvamizi wa neva umeonekana. Mgonjwa ambaye ripoti yake ina mstari huo, mara nyingi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi baada ya upasuaji. Nimeuandika mstari huo kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliuandika kana kwamba neva ni barabara tu ambayo saratani imeipitia, bila kujiuliza ni nani anayeishi kwenye barabara hiyo.

Mwenye makazi hayo alitambuliwa na Theodor Schwann, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810, ambaye mwaka 1839 alichapisha hoja iliyoibadilisha biolojia, kwamba wanyama nao, sawa na mimea, wamejengwa kwa seli. Seli inayobeba jina lake iko ya namna mbili. Ya kwanza hujiviringisha mara nyingi kuzunguka kipande cha aksoni moja, tabaka juu ya tabaka, mpaka utando wake ufanye ala nene yenye mafuta mengi iitwayo mielini. Kwa sababu ya ala hiyo, katika neva zenye kasi kubwa kabisa ujumbe husafiri kiasi cha mita 100 kwa sekunde, ilhali katika nyuzi zisizo na mielini husafiri kama mita moja tu. Ya pili huitwa seli ya Remak, kwa jina la Robert Remak aliyezichunguza nyuzi hizo katika karne ya 19. Hii haitengenezi mielini. Hubeba aksoni kadhaa nyembamba kwa pamoja, kila moja ikiwa imelala katika mkunjo wake, na nyingi kati ya aksoni hizo ndizo zinazoleta maumivu kutoka kwenye viungo vya ndani au kupeleka amri kwenye tezi na mishipa ya damu. Nawaomba muikumbuke namna hii ya pili, maana tutakutana nayo tena.

Kazi ya kila siku ya seli ya Schwann ni kuilinda na kuilisha aksoni. Lakini ina kazi nyingine, ambayo huonekana neva inapoumia, na bila kuielewa kazi hiyo hatuwezi kuielewa saratani ndani ya neva. Mwaka 1850 Augustus Waller alieleza alichokiona baada ya kukata neva za ulimi wa chura: sehemu ya neva iliyotengwa na seli mama ilivunjikavunjika na kufa. Kinachokufa ni aksoni. Seli ya Schwann iliyokuwa imeizunguka haifi, hugeuka. Ndani yake protini iitwayo c-Jun, ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine, hupanda kwa wingi, na seli iliyokuwa imetulia huacha kazi yake ya utu uzima. Ikiwa ilikuwa na mielini, huanza kuivunja na kuimeng'enya. Huita makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki, zije kusaidia kusafisha. Humwaga kemikali za kukuza neva. Hurefuka, hushikana na wenzake ncha kwa ncha, na kwa pamoja hufanya mstari ulionyooka ndani ya ala tupu, ili aksoni mpya inayochipua kutoka upande wa pili wa jeraha ipate mahali pa kushika na mwelekeo wa kufuata. Aksoni hukua juu ya mstari huo kwa kiasi cha milimita moja kwa siku. Ndiyo maana mtu aliyekatwa neva kwenye kifundo cha mkono husubiri miezi kabla ya ncha za vidole kuanza kuhisi moto na baridi. Katika miezi hiyo anayefanya kazi ni fundi huyu, seli ya Schwann, na kazi ikiisha, kwa kawaida, hurudi katika hali yake ya kwanza na kuikumbatia aksoni mpya.

Kwa maneno mengine, ndani ya kila neva ya mwili wetu, nje ya ubongo na uti wa mgongo, kuna seli zinazojua kusafisha njia, kuita wasaidizi, kujipanga kwa mstari na kumwongoza msafiri. Sasa tuilete saratani karibu nazo.

Maelezo ya zamani hayakuzihesabu seli hizi kabisa. Madaktari wa karne ya 19, akiwemo Jean Cruveilhier wa Ufaransa, walikwisha kuona kwamba uvimbe unaweza kuambaa na neva, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba ndani ya ala ya neva mna mishipa ya limfu inayozibeba seli za saratani. Uchunguzi wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba mishipa hiyo haimo. Ndipo likashika maelezo mengine, kwamba neva ni njia rahisi, mahali ambapo tishu ni laini na seli za saratani hupenya bila kizuizi. Maelezo haya hayakuwahi kuniridhisha. Yeyote aliyewahi kuishika neva kwa koleo za upasuaji anajua ilivyo imara, na ukuta wake, ukiutazama kwa hadubini ya elektroni, ni tabaka kadhaa za seli zilizobanana sana, zilizofungwa pamoja hivi kwamba hata kemikali nyingi za damuni hazipiti. Mahali palipofungwa hivyo hapastahili kuitwa njia rahisi. Kama saratani inapita hapo, basi kuna anayeufungua mlango.

Mwaka 2016 watafiti wa kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York, walichapisha kazi iliyotuonyesha sehemu ya jibu. Waliziotesha seli za saratani ya kongosho pamoja na seli za Schwann na kuzipiga picha zinazoendelea kwa saa nyingi, ili mwendo wa kila seli uonekane. Ningependa tukae kidogo na picha hizo. Seli za saratani zimekaa kwa vikundi, zimeshikana. Seli ya Schwann, nyembamba na ndefu, inasogea mpaka inakigusa kikundi. Seli ya saratani iliyoguswa inatoa kidole cha utando kuelekea upande wa ile iliyoigusa. Kisha seli ya Schwann inajipenyeza katikati ya seli mbili za saratani, inazitenganisha, na moja wapo inajitoa kwenye kikundi na kuondoka ikiwa peke yake. Kilicho muhimu ni kwamba kemikali zilizomwagwa kwenye majimaji yanayozizunguka seli hazikutosha kuleta tendo hili. Palihitajika mguso, seli kwa seli. Watafiti wakaonyesha kwamba mguso huo unategemea protini ya juu ya utando wa seli ya Schwann iitwayo NCAM1. Katika panya waliokosa protini hiyo, saratani iliyopandikizwa kwenye neva kubwa ya mguu ilivamia kwa kiasi pungufu, na miguu yao haikupooza sana kama ya panya wengine.

Kundi hilo liliendelea, na mwaka 2022 likaeleza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hotuba hii. Seli za Schwann zilizo karibu na saratani, hasa zile zisizo na mielini, hazifanyi kazi mojamoja. Hujipanga kwa mistari, na seli za saratani husafiri juu ya mistari hiyo. Tena mistari yenyewe iko hai, inasogea, inazisukuma na kuzivuta seli za saratani, ikiziongezea mwendo. Na kinachoziwasha seli hizo ni c-Jun, protini ileile inayoziwasha neva inapokatwa. Alama za jeni za seli hizo zilipotafutwa katika uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya kongosho, waliokuwa nazo kwa wingi waliishi muda mfupi zaidi. Mstari uliotengenezwa ili aksoni irudi nyumbani umegeuka kuwa mstari wa kuitoa saratani nje.

Najua msemo wa kikulacho ki nguoni mwako unawajia wengi wenu hapa, lakini naomba tuuweke kando. Seli ya Schwann haijaasi, wala, katika hali hii, haijapata hitilafu ya jeni. Inafanya kazi yake vizuri, kwa bidii, kwa utaratibu iliourithi. Kilichoharibika ni wito unaoifikia. Mwaka 1986 Harold Dvorak aliuita uvimbe wa saratani jeraha lisilopona, akiwa anafikiria damu na mishipa yake, na maneno hayo yanaifaa neva pia: fundi ameitwa kwenye jeraha, amekuja na vifaa vyake vyote, na jeraha halifungi kamwe, kwa hiyo hapati ishara ya kumwambia aache. Natofautisha mambo haya mawili kwa sababu matibabu yake ni mawili tofauti. Mwasi hupigwa vita. Aliyeitwa kwa wito wa uongo hutafutiwa namna ya kuunyamazisha wito.

Je, wito huo ni nini? Sehemu yake tunaijua, na historia yake inastahili kusimuliwa, kwa sababu kemikali kuu ya ukuaji wa neva iligunduliwa kwa msaada wa uvimbe. Mwaka 1948 Elmer Bueker alipandikiza uvimbe wa panya kwenye kiinitete cha kifaranga cha kuku na kuona nyuzi za neva zikiingia ndani ya uvimbe huo. Rita Levi-Montalcini, mtafiti wa Kiitaliano aliyekuwa akifanya kazi na Viktor Hamburger katika mji wa St. Louis, Marekani, alirudia jaribio hilo, na alichokiona kilimfanya aamini kwamba uvimbe unamwaga kitu fulani, kwa sababu nyuzi zilikua hata mahali ambapo hazikuwa na kazi yoyote, mpaka ndani ya mishipa ya damu. Mwaka 1952 alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro akiwa na panya wenye uvimbe, kwa kuwa huko kulikuwa na maabara iliyojua kuotesha tishu nje ya mwili. Aliweka kipande cha uvimbe karibu na fundo la neva la kifaranga, na muda mfupi baadaye nyuzi zilikuwa zimechipua pande zote kama miale ya jua. Kitu hicho, kilichosafishwa baadaye kwa kushirikiana na Stanley Cohen, ndicho kinachojulikana kwa herufi NGF, na mwaka 1986 wawili hao walipewa tuzo ya Nobeli. Wengi wetu tulifundishwa kisa hiki kama historia ya ubongo. Mimi nakisoma pia kama historia ya saratani: tangu mwanzo uvimbe ulikuwa ukizungumza na neva kwa lugha ya neva.

Seli ya Schwann nayo huisikia lugha hiyo, maana ina kipokezi cha NGF juu ya utando wake. Mwaka 2014 watafiti wa Munich, Ujerumani, walionyesha kwamba tumekuwa tukiusoma mwelekeo wa safari kinyume. Tulikuwa tukisema saratani inaifuata neva. Wao walizikuta seli za Schwann zikiwa zimekwisha kufika kwenye vidonda vya kongosho ambavyo bado havijawa saratani kamili, zikiwa nje ya neva, zimelizunguka eneo hilo kabla ya seli yoyote ya saratani kuigusa neva. Fundi alitoka nyumbani kwake akaenda alikoitwa, na huenda alipokuwa akienda ndipo alipoionyesha saratani njia ya kurudi naye.

Kundi hilohilo likaendelea kuuliza swali la maumivu, na hapa nazungumza kwa uzito, kwa kuwa wengi wenu mmewauguza watu wenye ugonjwa huu. Maumivu ya saratani ya kongosho iliyokomaa ni makali, yanapita kutoka tumboni hadi mgongoni, na uvamizi wa neva ni sababu yake kubwa. Lakini mwanzoni, mara nyingi, ugonjwa huu hauumi, na kutoumia huko ndiko kunakowafanya wagonjwa wengi wafike hospitalini wakiwa wamechelewa. Majaribio kwa panya yalionyesha kwamba kufika mapema kwa seli za Schwann, zikivutwa na kemikali iitwayo CXCL12 inayotoka kwenye seli za saratani, huambatana na kutulia kwa maumivu katika hatua hizo za awali. Yaani seli inayokuja kutengeneza huja pia na utulivu, na utulivu huo unaipa saratani muda. Sifahamu jambo katika elimu hii ambalo limenisumbua kuliko hili.

Kuhusu ukuta wa neva, anayeufungua si seli ya Schwann peke yake. Neva iliyovamiwa huvuta seli za kinga kutoka damuni kwa kemikali iitwayo CCL2, na zikifika hugeuka makrofaji, humwaga kimeng'enya cha cathepsin B, na kimeng'enya hicho huziyeyusha protini za ukuta ule niliousifu kwa uimara wake. Tena ni mpango uleule wa jeraha: safisha, bomoa kilichoharibika, acha nafasi. Katika baadhi ya vimbe, seli za Schwann hushiriki pia kuzileta seli za kinga za aina inayolipooza shambulio la mwili dhidi ya saratani, ingawa huko elimu bado ni changa na sitaingia ndani zaidi.

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimewadanganya kwa kusema nusu. Kuna saratani ambayo uwepo wa seli za Schwann ndani yake ni habari njema. Neuroblastoma ni saratani ya watoto wadogo, inayoanzia kwenye seli changa za mfumo wa neva unaojiendesha bila hiari yetu, mara nyingi kwenye tezi iliyo juu ya figo. Tangu miaka ya 1980, kwa mfumo wa upangaji unaobeba jina la Hiroyuki Shimada, sisi tunaosoma vioo tunatafuta seli za Schwann ndani ya uvimbe huo, kwa sababu zikiwa nyingi mtoto kwa kawaida ana matumaini makubwa zaidi, na kwenye ncha ya mwisho ya mfululizo huo kuna uvimbe uitwao ganglioneuroma, ambao umejaa seli za Schwann na hauna ukali wa saratani. Mwaka 2021 watafiti wa Vienna, Austria, walionyesha kwamba seli hizo zinafanana na seli za Schwann za ukarabati, na kwamba humwaga protini iitwayo EGFL8, ambayo huzifanya seli za neuroblastoma zikomae na kuchipua mikono kama seli za fahamu za kawaida. Fundi yuleyule, mpango uleule wa ukarabati, matokeo kinyume kabisa. Katika kongosho amemsindikiza mvamizi. Katika mtoto huyu amemlea mpotevu mpaka akakua. Huenda sababu iko upande wa anayepokea: seli ya neuroblastoma ni ya ukoo wa neva, na bado inaielewa amri ya kukomaa, seli ya kongosho haina mahali pa kuipokea amri hiyo, hupokea msukumo wa mwendo tu.

Niseme kwa ufupi kwamba seli ya Schwann inaweza pia kuwa uvimbe yenyewe. Hutokea kwa watu waliozaliwa na hitilafu ya jeni ya NF1, hali inayompata takriban mtu mmoja katika kila 3,000, na kwa wenye hitilafu ya NF2, ambao hupata vimbe kwenye neva za masikio yote mawili. Kwa watoto wenye NF1 ambao vimbe vyao haviwezi kuondolewa kwa kisu, dawa ya selumetinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Ugonjwa huo una hotuba yake, na unaistahili.

Turudi kwenye matibabu. Kila ninapoeleza haya, mtu mmoja huuliza: kwa nini tusiikate neva? Swali ni la haki. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwa panya kwamba kuziharibu neva zinazoingia kwenye tezi dume huizuia saratani isianze au isisambae, na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kukata neva ya vagasi, au kuinyamazisha kwa sumu ya botulinamu, huipunguza saratani ya tumbo kwa panya. Lakini vagasi inahudumia moyo, mapafu na utumbo, na neva za kongosho haziishii kwenye kongosho. Isitoshe, kama nilivyoeleza, kukata neva ndiyo amri kubwa kuliko zote ya kuiamsha seli ya Schwann. Na kuziua seli za Schwann zenyewe ni jambo ambalo tayari tunajua linavyokuwa, kwa sababu tumewaona wagonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga yao ya mwili huishambulia mielini: mtu aliyekuwa akitembea hulegea miguu, kisha mikono, na katika siku au wiki chache baadhi yao huhitaji mashine ya kupumua.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mahali pa kulenga ni pale wito unapotolewa na pale mguso unapotokea. NGF na GDNF, ambazo ni kemikali za wito. Kipokezi cha RET, ambacho seli za saratani hukitumia kuisikia GDNF inayotoka kwenye neva. NCAM1, ambayo ndiyo mkono wa mguso: hizi ni milango ambayo inaweza kufungwa huku neva ikiachwa hai. C-Jun inavutia zaidi kwa kuwa iko katikati ya yote, lakini inatumika na karibu kila tishu ya mwili, na dawa ya kuizima kila mahali ingemnyima mgonjwa uwezo wa kupona majeraha yake, pamoja na jeraha la upasuaji wenyewe. Ningependa kuona juhudi zikienda kwenye kujua ni nini kinachoiambia seli ya Schwann, baada ya neva kupona, kwamba kazi imekwisha. Mwili wenye afya una ishara hiyo; huitoa kila mara aksoni inapofika. Uvimbe hauitoi, na sioni sababu kwa nini siku moja tusiweze kuitoa sisi.

Wakati hayo yakitafutwa, kuna mambo mawili yanayowezekana kesho asubuhi. La kwanza ni la sisi wa maabara. Mstari ule wa ripoti usiwe mstari mtupu. Katika saratani ya ngozi ya kichwa na shingo, neva iliyovamiwa ikiwa na kipenyo cha milimita 0.1 au zaidi, daraja la ugonjwa linapanda. Kwa hiyo kupima ni lazima, na pia kusema kama saratani imeizunguka neva tu au imeingia ndani, na iko umbali gani kutoka kwenye ukingo wa kisu. Daktari wa mionzi hawezi kuamua vyema aifuate neva ipi na hadi wapi kama hakuambiwa.

La pili ni la ninyi mnaokutana na wagonjwa ana kwa ana. Mtu aliyewahi kuondolewa saratani ya ngozi usoni, au uvimbe wa tezi ya mate, akirudi baada ya mwaka na kusema anahisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi ya shavu, au kwamba upande mmoja wa mdomo una ganzi, au kwamba jicho moja halifumbi vizuri, msimwambie ni kovu linapona kabla hamjaigusa ngozi hiyo kwa pamba na kwa sindano, upande huu na upande wa pili, na kulinganisha. Ganzi ikifuata ramani ya neva moja, aandikiwe picha ya MRI inayoilenga neva hiyo, kuanzia kwenye ngozi mpaka kwenye tundu la fuvu inakoingilia, na anayeisoma picha aelezwe kwamba kinachotafutwa ni saratani ndani ya neva, kwa sababu neva iliyonenepa kidogo tu huachwa kwa urahisi na jicho ambalo halikuambiwa liitafute.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali yenu.